Namba Niliyoificha Jina Lake

Vijana, kabla sijafika mbali, mjue mimi ni mtu wa hasira za karibu. Watu wa ofisini walinijua hivyo, na jirani zangu wa Wiyoni wanajua hivyo mpaka leo. Mnaweza kuziuliza simu zenu kuhusu kazi hii ya intaneti, nazo zitawajibu kwa adabu kunishinda. Lakini hazitawaambia zilipokosea. Mimi nitawaambia nilipokosea.

Jingine: nikisema "watu wa nyumbani", fahamuni ninamsema mke wangu. Sisi tuliozaliwa Mkomani ndivyo tulivyolelewa. Baba yangu aliishi na mama yangu mpaka mauti yakawatenga, na sikumsikia hata siku moja akimtaja kwa jina mbele ya mtu wa nje. Akitaka kumwita kutoka kiwandani, yaani uani, alikohoa. Mama alijua anaitwa yeye, akaja. Nilikua nikiamini huo ndio uungwana wenyewe, na sikuwahi kukaa nikaufikiria tena.

Nilianza kazi kwenye nguzo za simu nikiwa bado naweza kupanda, nikaimalizia katika kampuni ndogo ya intaneti hapa Amu, yaani Lamu. Ofisi yetu ilikuwa juu kabisa ya nyumba moja ya mawe Mkomani, watu watatu na feni moja, na dishi letu likiwa darini, juu ya paa. Kwa wale watakaofanya kazi ya darini: adui yenu ni chumvi. Kiungo cha kebo utakifunga leo kinang'aa, miezi michache baadaye kimeota ukijani na wateja wanakupigia kelele. Tia grisi, kisha mpira, kisha utepe, na utepe uanzie chini upande juu, kama makuti yanavyoezekwa, ili maji yateremke yasiingie mikunjoni. Nimewaona watu wenye digrii wakianzia juu. Niliwaacha mpaka mvua ikawafundisha.

Lakini kazi iliyonizeesha haikuwa ya darini. Ilikuwa kazi ya kuketi, ya kuchunga majina.

Kila mashine iliyo kwenye intaneti ina namba, na namba hizo zina wenyewe. Sisi hatukuwa na zetu. Tulipanga kumi na sita kutoka kampuni kubwa iliyoko Mombasa, kama mtu anavyopanga vyumba. Na msidhani kumi na sita ni kumi na sita. Ya kwanza ni ya mtaa mzima, ya mwisho ni ya kupigia mbiu mashine zote, moja nyingine inachukuliwa na mlango wa kutokea. Zinabaki kumi na tatu. Hizo kumi na tatu nilizichunga miaka kumi na kitu, na hata sasa ukiniamsha usingizini nitakwambia ipi ilikuwa ya nani.

Nyote mnajua kwamba ukiandika jina la tovuti, jina hilo hubadilishwa likawa namba. Kuna na safari ya kurudi: mtu anayo namba, anataka kujua mwenyewe ni nani. Mafundi wanaiita rivasi. Aliyenifundisha ni Bwana Njoroge, fundi wa ile kampuni ya Mombasa, mtu wa bara, mpole, ambaye kwa miaka yote hiyo nilimjua kwa sauti ya simu tu. Mara ya kwanza aliponieleza sikuelewa kitu, nikamwambia hivyo kwa ukali. Hakukasirika. Aliniuliza kwetu mtu akibisha hodi huwa inakuwaje.

Nikamwambia: mtu akibisha, wa ndani huuliza, nani? Sasa mbishaji akijibu "mimi", hafunguliwi. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakulipenda jibu hilo, na watu wa Amu hawalipendi mpaka kesho. Mimi nani? Sema jina lako. Na hata ukilisema, mama yangu alikuwa akichungulia kwanza dirisha la juu aone kama anayesema ni Athman, mwanawe, kweli ndiye Athman.

Njoroge akacheka akasema basi nimeshajua, hakuna zaidi. Seva ya barua pepe ikipelekewa barua, huiangalia namba iliyobisha na kuuliza jina lake. Ikipewa jina, hulirudia jina lile kuuliza lina namba gani. Majibu mawili yakikubaliana, mlango unafunguliwa. Yasipokubaliana, au jina likiwa si jina, barua hurudishwa. Tangu siku hiyo sijaona mwalimu aliyenieleza jambo vizuri zaidi, na alinieleza kwa maneno yangu mwenyewe.

Nyumba ya kupanga haikosi takataka za mpangaji aliyetangulia, na namba ni vivyo hivyo. Hili nililijua siku maalim wa madrasa moja ya hapa mjini alipopanda ngazi zetu, akavua kofia, akaiweka mezani mwangu bila salamu. Madrasa yake ilikuwa ikituma barua kwa wazazi kupitia namba yetu ya tatu. Mzazi mmoja anayefanya kazi Nairobi, mtu wa kompyuta, alizichunguza barua zile akaona zimetoka kwenye namba yenye jina la nyumba ya kamari. Waliotangulia kuzipanga namba zile walikuwa watu wa kubashiri mpira, wakahama, wakaacha jina lao mlangoni. Maalim akaniambia, taratibu kabisa, kwamba amesomesha watoto wa mji huu Kurani tangu ndevu zake hazijaota, na leo anaulizwa mechi ya Jumamosi itakuwaje. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa hivyo jambo la kwanza mkipewa namba za kupanga: siku hiyohiyo ziulizeni zote majina yao, moja baada ya moja. Msingoje maalim.

Nikamwomba Njoroge anikabidhi kipande chetu niyaandike majina mimi mwenyewe, akakubali. Na hapo napo niliaibika. Juu ya faili la majina kuna namba ya toleo. Ukibadilisha kitu na usiipandishe, seva mwenzake hudhani hakuna jipya na huendelea kutoa majibu ya zamani. Mimi sikuipandisha. Siku mbili nzima nilimpigia Njoroge kumlaumu, na siku mbili alinijibu "tuangalie pole pole, Bwana Athman", naye alishajua kosa langu tangu simu ya kwanza. Alitaka nilione mwenyewe. Nilipoliona sikumpigia wiki nzima.

Kitu kingine nilichokifanya siku hizo, kikaja kunigharimu: kila jibu la jina huenda na muda wake, kwamba aliyeuliza alikumbuke kwa muda fulani kabla hajauliza tena. Mimi niliandika kutwa nzima, saa ishirini na nne. Laini yetu ilikuwa nyembamba na mimi sipendi kuulizwaulizwa.

Basi nikaketi kuzipa namba majina. Duka la vifaa, jina la duka. Madrasa, jina la madrasa, na nililiandika kwa unyenyekevu mkubwa. Nikafika namba nane.

Namba nane ilikuwa ya zahanati ya Bi Maimuna. Bi Maimuna alikuwa mkunga wa serikali, akastaafu, akafungua zahanati yake hapa Wiyoni ikiitwa kwa jina lake, na kila baada ya wiki mbili alikwenda kijijini Chundwa kuwaangalia mama na watoto. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwake. Wanangu wawili wamo. Nilipotaka kuandika "maimuna", vidole vikakataa. Jina la mwanamke wa watu, mke wa mtu, nilitie mahali ambapo kila mashine duniani ikiuliza itajibiwa? Nikaandika "namba-nane", basi, na upande wa pili, wa jina kurudi kwenye namba, sikuandika kitu, lisijulikane linaelekea wapi. Nikanyanyuka nikajiona muungwana. Hata watu wa nyumbani niliwaeleza kwa kujisifu. Walinitazama, wakaendelea kuchambua mchele.

Miaka ikapita na barua za zahanati zikawa zinafika, kwa sababu seva nyingi zamani zilikuwa hazijali. Zile chache zilizokataliwa, taarifa zake nilizielekeza kwenye kisanduku changu mimi ili Bi asisumbuliwe. Kisanduku hicho nilikifungua labda mara mbili kwa mwaka. Sina la kujitetea.

Asubuhi moja, kama saa tatu, Bi Maimuna alipanda ngazi zetu. Nyuma yake mama mmoja wa Chundwa, Mwanajuma, na mwanawe Rukia, wa miaka minne. Mtoto alikuwa akipanda vidato viwili, anachutama, anangoja pumzi, anapanda viwili vingine. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Nilimwambia mamake ambebe, akasema hataki kubebwa.

Bi Maimuna alinieleza akiwa amesimama. Mtoto ana kasoro ya moyo tangu kuzaliwa. Kuna madaktari wageni wamekuja hospitali moja ya Nairobi kupasua watoto wa namna hiyo, na wakiondoka hakuna ajuaye watarudi lini. Alikwisha tuma karatasi zote za Rukia na picha za moyo mara tatu tangu wiki iliyopita. Asubuhi hiyo hospitali imempigia: hawajaona kitu, na orodha inafungwa saa kumi alasiri. Nikasema tutume kwa simu yangu sasa hivi. Akasema amekwisha wauliza. Karatasi za mgonjwa hazipokewi ila kutoka anwani ya kituo kilichosajiliwa, ndio utaratibu wao, na kwa basi hakuna wa kufika leo.

Nikafungua kile kisanduku. Barua tatu zilikuwa zimenikalia humo, zote za kukataliwa, ya kwanza ya siku sita nyuma. Hospitali ile ilikuwa imeubana mlango wake.

"Wasemaje?" akauliza Bi Maimuna.

"Wasema namba yako haina jina la kuaminika."

"Haina vipi? Zahanati si ina jina langu?"

"Nililificha, Bi. Niliona haya jina lako litajwetajwe na watu tusiowajua."

Nilingoja anifokee, ningalipata nafuu. Hakufoka. Alivuta kiti akaketi uso kwa uso nami.

"Jina langu limo kwenye kadi za kliniki za wanao, Bwana Athman. Wewe uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Haya ni yako, na pumzi ni za mwana wa mtu. Haya, tengeneza."

Ningewaambia nilitengeneza palepale ningewadanganya. Nilipolishika faili ndipo nilipokumbuka ile kutwa nzima. Mashine ya hospitali ilikuwa imeuliza namba nane usiku uliopita, wakati barua ya tatu ilipojaribu kuingia. Imeambiwa ikumbuke jibu saa ishirini na nne. Hata nikibadilisha jina dakika hiyo, wao wataendelea kuona lile la zamani mpaka usiku, na usiku orodha imefungwa. Ubahili wangu mwenyewe ulikuwa umekaa mlangoni.

Nikampigia Njoroge. Nilimweleza yote, hata ya haya, hata ya kisanduku. Hakunilaumu, akauliza.

"Athman, umepanga namba ngapi?"

"Kumi na tatu za kutumia."

"Na ambazo hazina mtu?"

Nikaelewa kabla hajamaliza, na nikamkatia simu bila kuaga, Mungu anisamehe. Namba kumi na moja ilikuwa tupu. Hakuna mtu aliyewahi kuiuliza jina, kwa hivyo hakuna mashine iliyokuwa na kumbukumbu yake. Nikiihamishia huko seva ya zahanati, iliyokuwa humo ofisini mwetu, hospitali italazimika kuuliza upya na itapata jibu jipya. Lishikeni hilo, ndio sababu ya kuacha namba moja ya akiba hata mkubwa wenu akinung'unika.

Lakini na jina nalo lilitakiwa liwe jipya. Jina ambalo halipo likiulizwa, hata jibu la "halipo" hukumbukwa, na "namba-nane" lilishaulizwa. Nikawa najisemea mwenyewe, tuliite posta, tuliite barua, tuliite kituo.

"Andika Maimuna," akasema Bi.

Nisiwadanganye, jina lolote jipya lingefaa, na "posta" ingefanya kazi ileile. Lakini nilimtazama mama yule wa miaka sitini na kitu, amekaa wima kwenye kiti changu kibovu, nikaona sina haki ya kumchagulia mara ya pili. Nikaandika. Herufi saba, moja moja.

Nikapandisha namba ya toleo. Nilihakikisha mara tatu. Nikaiuliza namba kumi na moja, wewe nani? Ikajibu kwa jina la Bi Maimuna. Nikaliuliza jina, wewe uko wapi? Likajibu kumi na moja. Nikaihamisha seva, na ikagoma kuwaka. Waya ulikuwa umelegea nyuma, kiungo kimeota ile chumvi ninayowahubiria watu, na nilipokuja kulijua hilo saa nane na nusu ilikuwa imepita. Nikakisugua kwa kisu. Adhana ya alasiri ilinikuta chini ya meza.

Picha za moyo ni nzito na laini yetu mnaijua. Tuliibonyeza barua na tukakaa kuitazama ikitoka kidogo kidogo. Hapo Mwanajuma akaniuliza kama hiyo mashine ya huko ikishalijua jina la Bi, itamjua na mwanawe. Nilimwambia ndiyo, inshallah, jina la Bi linafungua mlango, na Rukia yumo ndani ya barua. Akaitikia kwa kichwa. Rukia alikuwa amechutama pembeni akihesabu mashimo ya feni.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, kwenye daftari la seva likaja neno moja: imepokelewa. Sikuliamini. Nikamwambia Bi Maimuna awapigie. Mwanamke wa hospitali alisema angoje, akatafuta, tukamsikia akichapa, kisha akasema, "Ya Rukia wa Chundwa? Ninayo hapa. Namwingiza." Mwanajuma alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, nami nilitoka nikapanda darini nikijifanya naangalia dishi. Nililia na mimi. Simwonei mtu haya kulisema.

Rukia alipasuliwa, akapona. Leo yuko darasa la sita, na akija Amu hupita kwetu, anapanda ngazi mbio mpaka namwambia ataanguka. Midomo yake ni kama ya mtoto yeyote.

Mimi baada ya siku ile nilibadilisha mambo. Kutwa nzima nikaifanya saa moja. Kile kisanduku nikakifungua kila asubuhi kabla ya chai. Nikawazungukia wateja wote, mlango kwa mlango, nikawauliza wanataka waitweje mbele za watu. Wengi walishangaa kuulizwa. Mama mmoja mwenye duka la mtandaoni alisema hataki lake lionekane, nikamwekea jina la ua alilolichagua, likienda na kurudi sawasawa, na barua zake zinafika. Kuficha si kosa. Kosa ni kumfichia mtu bila kumuuliza.

Namba zetu sasa ziko mikononi mwa vijana wawili wenye akili kunishinda. Siku nyingine nikiwa nimekaa hapa Wiyoni huchukua simu nikaiuliza namba kumi na moja jina lake. Inajibu. Bi Maimuna mwenyewe nilimwonyesha juzi, akasema herufi ni ndogo mno.

Jioni ya siku ile ya Rukia nilirudi nyumbani nikawaeleza watu wa nyumbani kila kitu. Walisikiliza mpaka mwisho, kisha wakaniuliza swali moja: na wao, huko kwenye hadithi zangu za kazi, wanaitwa nani? Nikasema nina njaa.

Swali lile limenikaa miaka yote hii. Nilipomaliza kuwaandikia haya niliwasomea watu wa nyumbani, na nilipofika hapa nikasimama nikauliza, nikutaje? Walikohoa kama alivyokuwa akikohoa baba, wakacheka mpaka machozi, kisha wakasema nitaje, kwani ilikuwa siri?

Mke wangu anaitwa Swafiya.